Tovuti ya Watu Wawili

"Leo kuna aliyeandika?"

"Bado, baba."

Kitinda hakuwa ameangalia. Tangu siku ya kwanza hajawahi kuangalia, maana alijua kisanduku cha ujumbe ni debe tupu.

Baba yake alikuwa mchomeleaji wa mageti, macho yake yakamalizwa na cheche. Alikaa karibu na meza ya kompyuta, akamwomba binti yake amsomee tena tangazo la kwenye tovuti. Akasoma: Mwanangu, nilikosea. Rudi nyumbani. Juu yake ilikuwepo picha ya kaka mtu akicheka.

Mzee aliamini dunia nzima inaliona tangazo lile. Kumbe tovuti ilikuwa kwenye seva ya majaribio, ndani ya kompyuta hiyohiyo ya mezani. Kuifungua ilibidi uwe umeunganishwa na waifai ya nyumba ile, na waifai yenyewe ikijitahidi sana inaishia getini.

Kuweka seva Kitinda alifundishwa na kaka huyohuyo. Jaribia humu ndani kwanza, alikuwa akimwambia, ukiharibu tutacheka wawili tu. Anwani ilibaki ileile aliyoichagua yeye, na neno la siri la waifai lilelile. Kaka alikuwa na utundu wake. Akitoka kazini hagongi geti. Anasimama nje, anafungua tovuti ya mdogo wake kwenye simu, anaandika katika kisanduku cha ujumbe: Fungua, Kitinda, rangi hii inaumiza macho.

Kisha banda la baba la kuchomelea likaungua. Kaka ndiye aliyelifunga jioni ile, kwa hiyo baba hakuuliza mara mbili. Alimwambia, "Mkono wako usiguse tena geti langu." Kaka alimtazama Kitinda, ambaye usiku ule alikuwa ameingia bandani kwa ufunguo wa pili kunyoosha nguo, akaiacha pasi kwenye umeme. Ya pasi aliyajua, lakini hakumtaja; akachukua begi lake. Mwaka wa pili huu, namba yake haipatikani.

Ndiyo maana baba alipotaka tangazo, Kitinda aliliweka pale ambapo halitaonekana. Kaka akirudi, na pasi itarudi naye. Kila siku alijiambia kesho nitalitoa nje, na kila kesho ilikuwa na kesho yake.

Kulikuwa na Jumamosi moja ya mvua kubwa. Baba aliinua kichwa ghafla.

"Kuna mtu getini."

"Ni mvua, baba. Nani asimame nje na hali hii?"

Mzee alinung'unika kwamba kilichokufa ni macho, masikio bado yako hai. Lakini hakuinuka, na Kitinda aliendelea kukunja nguo.

Sasa, asubuhi hii, baba alilisikiliza tangazo hadi neno la mwisho. Halafu akasema huenda hakulipanga vizuri.

"Ongeza hivi. Hata kama ni wewe uliyeunguza, banda ni mabati tu. Mabati yananunuliwa."

Kitinda aliweka vidole juu ya herufi. Havikwenda.

"Baba, pasi ilikuwa yangu."

Mzee hakugeuka. Alipapasa ukingo wa meza, taratibu, kama anayetafuta mahali ambapo chuma kimeungwa vibaya. Kitinda alingoja kufukuzwa. Alishaanza hata kuhesabu moyoni nguo zipi zitaenea kwenye begi.

"Basi andika na hilo," baba alisema mwishowe. "Alisome huko aliko."

Akaandika, machozi yanadondoka kwenye herufi. La seva hakuweza kulisema. Moja kwa siku lilimtosha. Lakini aliapa kwamba kabla ya adhuhuri tangazo litakuwa mtandaoni kweli, watu wote waone, na uongo wake wa pili ufe bila kuzikwa na mtu.

Alipanga kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kufuta takataka za majaribio, asije akapeleka uchafu hadharani. Ndipo akafungua kisanduku cha ujumbe, kwa mara ya kwanza.

Ulikuwemo mmoja.

Fungua, Kitinda. Nimelisoma tangazo la baba. Ya pasi sitayasema. Nalowa huku nje.

Alikimbia bila viatu, baba akimwita nyuma amwambie kuna nini. Akalisukuma geti kwa mikono miwili.

Njia ilikuwa kavu, vumbi mpaka kwenye kona. Tone la mvua halikuwa limeanguka tangu Jumamosi ile, wiki tatu zilizopita.