Mlango Wenye Pua

Paliondokea kuku waliochoka kuliwa, wakaagiza mlango wenye pua. Nungunungu, bingwa wa ulinzi, akachora wake: ukinusa mwizi, ujifunge. Bata, bingwa wa mioto, naye akachora wake: ukinusa moshi, ujifungue. Kuku wakaisifu michoro yote miwili, mmoja mmoja.

Kicheche, aliyehudhuria kikao kwa sababu zake, akanyoosha mkono. "Na mwizi akija na moshi?"

"Habari za moshi muulize Bata," alisema Nungunungu.

"Za wezi muulize Nungunungu," alisema Bata.

Kicheche akashukuru. Mlango ulipojengwa kwa michoro yote miwili, jioni moja akarudi na kijinga cha moto. Mlango ukamnusa, ukajifunga. Ukanusa moshi, ukajifungua.

Kesho yake kila bingwa aliapa kwamba mchoro wake haukuwa na kosa. Kicheche, huku akichokoa meno kwa unyoya, aliunga mkono hoja zote mbili.