Jeneza Mbele ya Mkahawa

Jeneza la mumewe lilikwama mbele ya mkahawa, na Bi Mize alikuwa dirishani juu, analiona.

Meza zilijaa njia nzima, kutoka barazani hadi ukuta wa pili, na watalii walikuwa wakinywa juisi. Tahlili ikakatika midomoni mwa waliolibeba jeneza.

"Pitieni nyuma, wazee," alisema meneja. "Hapa pana wateja."

"Kule nyuma jeneza halipindi kona, we bwana! Ondosha meza!"

"Nshasema. Siwainui watu wanaokula."

Baraza ile ndiyo aliyoikalia marehemu kila alasiri, akinywa kahawa na wenzake, mpaka mkahawa ulipofunguliwa. Meneja huyuhuyu ndiye aliyemwinua, akamwambia hapa pa wateja tu, mzee. Tangu siku hiyo kahawa yake aliinywa ndani, mtaa kaupa mgongo.

Bi Mize alizikamata nondo za dirisha mpaka vidole vikamfa ganzi. Mjane aliyefiwa leo hatakiwi kupaza sauti. Akaipaza.

"Nyie! Nitegulieni hiki: kitu gani kimekuja jana kikamfukuza wa juzi?"

Macho yote yalikuwa juu, ya meneja pia.

"Basi mtueni hapo hapo mezani."

Bilauri zilisukumwa, moja ikavunjika. Jeneza likatua juu ya kitambaa cheupe, na mtalii mmoja akasimama na uma wake mkononi.

"Haya, meneja," alisema Bi Mize. "Leo ni mteja. Mletee kahawa yake."