Drili ya Mkono Mmoja

"Nataka drili ya kufungia komeo," mteja alisema. "Komeo la nje. Aliye ndani asiweze kabisa kulifungua."

Muuzaji wa duka la vifaa aliinua macho. Mteja alikuwa mwanamume mtu mzima, shati lake limepigwa pasi hadi kola imesimama. Nyuma yake alisimama mkewe, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Mume alikuwa ameshika upindo wa sweta ya mkewe, na hakuuachia hata alipoegemea kaunta.

Muuzaji akauliza mlango wenyewe ni wa mbao au wa chuma. Wa mbao, mume alijibu, wa chumba cha nyuma. Basi hakuna haja ya ile kubwa inayogonga huku inazunguka, muuzaji akamweleza, hiyo ni ya ukuta wa zege na bei yake inauma. Akamtolea mbili za betri: moja nzito yenye betri ya akiba, nyingine ndogo yenye betri moja tu, ya bei nafuu, ambayo kwa mbao na skrubu za nyumbani inatosha na kubaki.

Mume alizipima zote mkononi, kisha akamkabidhi mkewe ile ndogo.

"Shika kwa mkono mmoja. Utaiweza?"

Mke akabonyeza swichi. Drili ikanguruma. Akaiweka mezani haraka.

"Yeye ndiye atakayefunga," mume alimwambia muuzaji. "Lazima azoee."

Dada mkubwa wa muuzaji aliwahi kuishi na mume wa namna hii, mpole mbele za watu, na majirani wote wakanyamaza kwa heshima. Akajikaza, akauliza kwa sauti ya kawaida kwa nini wasimwite fundi, maana kazi yenyewe ni ndogo. Mume akasema hataki fundi nyumbani kwake. Fundi ana mdomo, na mambo ya nyumbani yangezagaa mtaani kabla unga wa mbao haujafagiliwa.

Akauliza bei, akatajiwa. Wakageukia biti za kutobolea mbao, muuzaji akamchagulia nyembamba kuliko skrubu ili zikamate vizuri. Hapo mume akauliza bei tena, kana kwamba hakuwahi kuambiwa. Wateja wa mbinu hiyo muuzaji alikuwa amewazoea. Akapunguza kidogo.

Mke akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Si lazima iwe leo, baba watoto. Tungoje kwanza."

"Ni leo," mume alisema, bila ukali wowote. "Kesho sijui nitaamka na akili gani."

Mke akainamisha kichwa.

Kwa ajili ya dhamana, muuzaji aliuliza wanakaa wapi. Mume akamgeukia mkewe, akamwacha ajibu yeye. Mke akaeleza taratibu: barabara ya nyuma ya zahanati, nyumba yenye lango la bluu. Muuzaji akayashika maneno hayo kichwani. Wakati anapanga vitu kwenye boksi, aliitelezesha chaja chini ya kaunta. Betri ilikuwa na chaji kidogo tu iliyobaki baada ya kujaribiwa na wateja wengine. Aliomba iishe kabla kazi haijaisha. Na isipoisha, angalau atakuwa na sababu ya kwenda kubisha hodi.

Mchana alivua aproni. Tajiri wa duka akamuuliza anakwenda wapi, naye akasema kuna mteja amesahau chaja. Tajiri alikuwa ameona yote ya asubuhi. Akamwambia kwamba wao wanauza vifaa, ndoa za watu haziwahusu. Muuzaji akaitia chaja mfukoni na kuondoka.

Lango la bluu lilikuwa limerudishwa tu. Alibisha hodi, kimya. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa na nondo, pazia limeshushwa. Akausukuma mlango wa mbele, ukakubali.

Boksi la drili lilikuwa juu ya kiti. Mwishoni mwa ujia, unga wa mbao ulikuwa umemwagika mbele ya mlango, na kwenye mlango wenyewe komeo jipya, limekaa upande kidogo, kazi ya mtu wa mkono mmoja. Lilikuwa limesukumwa hadi mwisho. Ndani mtu alikuwa akitembea, anakwenda hadi ukutani, anageuka, anarudi.

"Mama," muuzaji alinong'ona, mdomo ukigusa mbao. "Ni mimi wa dukani. Uko peke yako?"

Nyayo zikakoma. Alisikia pumzi tu, karibu sana, upande wa pili wa mlango.

Miguu ilimwambia akimbie. Akamkumbuka dada yake, akashika komeo kwa mikono miwili. Lilikuwa gumu, likamchubua kidole. Alikwisha kuamua kwamba atamshika mama wa watu mkono watoke wote, na mengine watayajua huko mbele. Komeo likalegea. Mlango ukafunguka.

Aliyesimama pale ndani, shati lake bado limenyooka, alikuwa mume. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Mwanangu, sijui wewe ni nani," alisema kwa upole, "lakini rudisha hilo komeo, mke wangu akija anikute humu humu. Juzi nilimkuta jikoni, nikadhani ni mwizi."