Fuko na Mfumo wa Mchwa

Si zamani sana, ni juzi tu, Fuko, kapera mwenye maringo, alitaka seva ya kutunza picha zake na kufungua mlango wa shimo lake. Kobe fundi akamshauri aweke mfumo mwepesi wa nyumbani.

“Mchwa wanatumia upi?” Fuko akauliza.

“Ule mzito. Lakini bwana, wao ni milioni.”

“Niwekee huohuo. Wamenizidi nini?”

Jioni, mvua ikimchapa mgongoni, Fuko akabonyeza kitufe cha mlango. Mfumo ukajibu: “Ombi lako linasubiri idhini ya wasimamizi watatu.”

Fuko hakuwa na hata mke. Akaenda kuwaazima Mchwa watatu wawe wasimamizi, nao wakaja na ukoo mzima, wakaidhinishana, wakaingia shimoni.

Mfumo sasa unafanya kazi vizuri mno. Ombi la Fuko bado linajadiliwa.