Mkono wa Byron

Jeneza la Byron lilikuwa tayari chini ya hema, na Okinyi bado alikuwa anabishana kuhusu pedali za gitaa.

"Tunatumia hii ya analogi," alisema, akiigusa kwa kiatu pedali kuukuu iliyochubuka rangi. "Sauti yake ina damu. Ya dijitali ni baridi, kama samaki wa friji."

Akalijaribu gitaa: noti tatu zikipanda, ya mwisho akiichelewesha kidogo. Wanawake waliokuwa wakipika waliziigiza kwa midomo. Hapo Usenge kila mtu aliujua mkono wa Okinyi. Byron alijaribu kuuiga miaka kumi na miwili waliyopiga pamoja, akashindwa.

"Byron aliipenda ile mpya," Atieno alisema, akiukumbatia mkoba wa kaka yake.

"Alikaa nayo siku moja, dada. Mapenzi gani hayo?"

Ilikuwa kweli. Byron aliinunua Kisumu Jumamosi asubuhi, ikiwa bado kwenye boksi, akaja nayo nyumbani na kumpigia Atieno simu akichekacheka. "Ya analogi sauti inafifia, inapotea. Hii inaweka kila nilichopiga. Hata umeme ukizimwa na kurudi, nikiikanyaga inarudia. Sasa sihitaji mtu wa pili!"

Jioni hiyo wavuvi walimkuta amekufa maji ziwani, kando ya miamba. Polisi waliandika kwamba aliteleza akiwa peke yake. Okinyi alishinda Otonglo, mbali na Usenge, siku hiyo nzima. Ndivyo alivyowaambia wazee huku akilia, na Atieno ndiye aliyemshika mkono asianguke.

"Huenda alichopiga siku ile bado kimo," Atieno alisema. "Nataka Mama akisikie kabla hatujamzika."

"Hiyo ya kijani itatuharibia spika. Iache ndani ya mkoba."

"Wewe na makuukuu yako ya analogi!"

"Atieno, nimesema hapana."

Sauti yake ilipanda hadi mchungaji akageuka. Mama yake Byron aliinua kichwa kutoka kwenye jeneza.

"Okinyi, baba," alisema polepole. "Mwache mtoto wangu asikike."

Hakuna wa kumkatalia mama siku kama hiyo. Okinyi akarudi nyuma hatua mbili, akasimama karibu na jenereta.

Atieno alifungua zipu. Pedali ilikuwa ya kijani, na bei ya dukani bado imebandikwa. Akachomeka waya, akakanyaga.

Byron akaja. Gitaa lake la mdundo lilitambaa chini ya hema, taratibu, halina haraka. Mama alifunika uso kwa viganja. Mtu akasema, "Ni yeye kabisa."

Kisha, juu ya mdundo ule, likaingia gitaa la pili: noti tatu zikipanda, ya mwisho ikichelewa kidogo.

Wanawake jikoni waliziigiza kwa midomo, kama kawaida yao. Mama aliondoa viganja usoni, akamtafuta Okinyi kwa macho.