Goti Lisilo na Kovu

Nilikuwa nikimfunga sungura aliyelala kwa dawa ya usingizi chini ya mashine ya eksirei, plasta ikavuta manyoya ya goti lake, na sikuona kovu.

Sungura wetu wote walipasuliwa goti la kulia ili liharibike kama magoti ya wazee, kisha wakapewa dawa yetu ya majaribio. Mpiga picha ni mimi. Kila wiki nilileta picha za mifupa laini, isiyo na hata mwiba mmoja kama ile inayoota kwenye magoti mabovu, na Profesa akanisifu mbele za watu.

Nikapapasa goti la pili. Kovu lilikuwepo, gumu kama uzi uliosahauliwa chini ya ngozi.

Miezi miwili mizima nimekuwa nikiwalaza chali, nikisahau kwamba kulia kwangu si kulia kwao. Nilipiga picha magoti mazima, nikayaita yamepona. Mtoto wa chekechea asingekosea hivyo.

Masikio yaliniwaka moto. Juzi tu nilimwambia mama, anayeshuka ngazi kwa makalio, "Vumilia, mama. Dawa nimeiona kwa macho yangu ikiponya." Naye akawatangazia majirani wote.

Mlango ukafunguliwa. Profesa aliingia na wageni watatu, uso wote meno.

"Huyu ndiye jicho letu," akawaambia. "Hebu, mwanangu, waonyeshe lile goti."

Nikalifunika kovu kwa kiganja, nikawaonyesha goti zima.