Mhojiwa wa Kumi na Tisa

"Zima," nilimwambia mwenzangu, ingawa kidole kilichokuwa juu ya kitufe cha kinasa sauti kilikuwa changu, na hakikusogea.

Katika idara yetu ya dini tunachunguza wazee huomba nini wanapokuwa peke yao. Yeye huwahoji majumbani mwao. Mimi hupokea maandishi yasiyo na majina, namba tu, kisha huyapanga maombi kwa mafungu. Ndiyo maadili ya utafiti, na nilikuwa mkali kama pilipili kwa yeyote anayeyavunja. Leo tulikuwa tunahakiki maandishi kwa kusikiliza sauti zenyewe.

"Siombi makubwa, baba," mhojiwa wa kumi na tisa alimwambia mwenzangu kwenye kinasa, huku akicheka. "Naomba binti yangu apate nafasi aje anikate kucha. Macho hayaoni tena, na hizi za miguuni zinanichoma nikivaa viatu. Ila ana kazi nyingi, masikini. Nisimsumbue."

Kicheko kile nilikijua kabla sijajua kusema.

Nilifunua faili. Pembeni mwa jibu lake palikuwa na wino mwekundu, mwandiko wangu mwenyewe: *Ombi dogo. Liondolewe.*

"Kwani unamfahamu bibi huyu?" mwenzangu akauliza.

Nilikuwa nakumbuka wiki mbili zilizopita, wanawake waliomwosha mama walipofungua mlango kidogo wakaniomba mkasi. Niliwapa haraka. Nilidhani ni wa kukatia sanda.